Goti ni la Mungu

Nyumba ya Bi Poupard,
Mtaa wa Watengeneza Ngozi,
Poitiers, Ufaransa.
Jumapili, 30 Novemba 1845

Mpendwa Shangazi Eufemia,

Salamu nyingi zikufikie huko kijijini kwenu karibu na Istanbul, wewe na Tekla na majirani wote. Je, ile homa ya kiangazi imekuachia? Kifua bado kinakubana asubuhi? Na yule ng'ombe mwekundu mliyemnunua kwa Waturuki, ameshauzoea mkono wa Tekla au bado anaipiga ndoo mateke? Mama anasema ng'ombe wa namna hiyo huimbiwa, hapigwi.

Sisi hapa hatujambo. Baba anakohoa kwa sababu ya gundi ya kujalidia vitabu, lakini kazi ipo na anashukuru. Macho ya Mama yanachoka kwa kushona, ila ulimi wake haujachoka, utaona mwenyewe huko mbele. Mimi nilimaliza shule ya masista mwezi wa Agosti. Sista Mkuu aliandika kwenye cheti changu kwamba mimi ni "mtulivu mno". Baba alisema hiyo ni sifa. Mama alisema si sifa hata kidogo. Sasa nashona kurasa katika karakana ya Baba, na kazi hiyo naipenda kwa kuwa kurasa hazinitazami usoni.

Barua hii haiji kwa posta. Anakuletea Daktari Rymsza kwa mkono wake, ambaye amepata kazi katika hospitali ya Sultani na tunamwamini kama ndugu. Ndiyo maana naweza kukuandikia mambo yasiyoandikwa. Ukishaisoma, msimulie Tekla kwa mdomo, kisha uitie motoni tafadhali.

Najua unachotaka kuuliza kabla ya yote. Ksawery wako hajakuandikia tangu Julai, na barua zako mbili tumekaa nazo sisi bila kuzijibu. Naanza na mwisho ili moyo wako usikimbie, Shangazi: mwanao yu hai. Habari hiyo tumeipata jana. Hayuko Ufaransa. Yuko nyumbani, Poland, upande ule wa mpaka ambao sisi wengine tunauona katika ramani tu. Sasa kaa kitako nikueleze amefikaje huko.

Utakumbuka kwamba ulipoondoka hapa, Baba na wenzake walikuwa wakikutana na kuzozana kuhusu nani alituponza katika vita na Mrusi. Siku hizi hawazozani sana. Wana chama, na chama kimeapa. Kinaitwa Meza Moja. Wanakutana kwetu, kwenye meza ya kujalidia, na meza hiyo Baba ameisukuma mpaka ncha moja imegusa ukuta na nyingine imegusa jiko, ili asiwepo mtu wa kukaa kichwani. Aliyekuwa na vijiji na aliyekuwa mali ya kijiji wanakaa bega kwa bega na kula supu ya bakuli la namna moja. Humo ndani hakuna "bwana" wala "mheshimiwa". Kila mtu ni Raia Fulani. Atakayeteleza akamwita mwenzake "bwana", basi atamenya viazi vya mkutano unaofuata. Na wewe unavyowajua watu wetu, neno hilo limewakaa mdomoni kama mate. Mtu anataka kusema tu, "Hapana bwana, si hivyo," mara wote wanamwonyesha kidole kwenye kapu la viazi. Baba mwenyewe amemenya magunia.

Ili polisi wasihisi kitu, kila mkutano huitwa sikukuu ya mtakatifu somo wa mtu. Leo ni ya Raia Andrzej, juzi ilikuwa ya Katarzyna, mke wa seremala. Bi Poupard, mwenye nyumba, aliniuliza juzi ngazini, "Jamani binti, hivi nyinyi mna watakatifu wangapi? Naona mbingu nzima imehamia kwangu!" Nikampa keki. Mpelelezi anayesimama pale pembeni kwa muuza mishumaa naye tunampelekea keki. Ameanza kunenepa, maskini.

Mimi nilikuwa sijaapa, kwa sababu ya umri. Mama ameapa. Walipomwambia mwanzoni kwamba kazi yake itakuwa kupakua supu tu, aliweka upawa chini akauliza, "Meza ni moja au ni moja na nusu?" Wakampa nafasi kwenye benchi.

Basi, Jumapili moja ya Agosti, wiki ile ile niliyotoka shule, Raia Teofil Wolicki, anayeongoza mikutano, alitangaza kwamba chama kinamtuma mtu nyumbani. Ujumbe ataubeba kichwani, bila karatasi yoyote. Atapita kama mwendesha mkokoteni wa chumvi, katika nchi ambako Mwaustria na Mrusi wananyonga watu kwa neno moja. Mtu mwenyewe ni Ksawery. Alijitolea, Shangazi, hakuna aliyemsukuma. Alisema amelishwa na uhamisho tangu akiwa na miaka saba na anataka kulipa chakula chake. Usimlaumu Baba. Baba alikuwa mweupe kama karatasi.

Wakamvalisha koti la manyoya ya kondoo na kofia kuukuu, wakamjaribu. Raia Teofil akajifanya msimamizi wa shamba, akanguruma, "We! Unatoka wapi?"

Ksawery akasimama wima kama mshumaa wa Pasaka, akamtazama machoni, akajibu kwa sauti nzuri, "Natoka machimboni, raia. Nimebeba chumvi."

Wote wakacheka. Raia Teofil akasema hilo ni jambo dogo, atazoea njiani. Wakarudi kwenye supu.

Mimi nilikuwa nimeshika jagi nyuma ya benchi. Nikasema, "Watamkamata."

Nilidhani nimelisema moyoni. Kumbe nimelisema kwa mdomo.

"Nani kasema?" akauliza Raia Teofil.

"Salomea," akasema Baba, na alishangaa kama vile jiko ndilo lililosema.

"Haya, sema vizuri mwanangu," Mama akaniambia. "Umeshaanza."

Nilisema huku nikitazama jagi. Nilisema Ksawery anawaangalia watu machoni. Anajibu kabla swali halijaisha. Mikono yake imetulia. Mtu aliyezaliwa kumwogopa bwana hasimami hivyo. Mtu huyo mikono yake hutafuta kitu cha kushika, na mguu wake mmoja hurudi nyuma kabla hajajua anarudi. Mimi woga naujua, Shangazi. Nimesimama nao mbele ya Sista Mkuu miaka minane. Tena niliwaambia, nyinyi nyote mmekaa sana kwenye meza hii, mmesahau kuinama, na yeye hajawahi kujifunza kabisa. Kisha nikamwaga maji.

Hapo pakawa na mzozo. Raia Teofil ni mtu wa haki, anakohoa damu lakini hakosi mkutano, na hakusema kwa ubaya. Alisema, "Chama hiki tumekiundia nini? Ili mtu asimwinamie mtu. Leo wa kwanza tunayemtuma tumfundishe kuinama?"

"Raia Teofil," akasema Mama, "aliyenyongwa naye hainami."

Ksawery mwenyewe ndiye aliyekataa zaidi. Alisema, "Mama yangu aliniambia goti ni la Mungu peke yake. Aliniambia siku tuliyozikwa na theluji njiani, tunakimbia, akanikataza kumpigia magoti yule askari wa mpakani hata kwa kipande cha mkate. Mnataka nianze leo?"

Nilikumbuka sauti yako, Shangazi, na nikaona aibu kwamba nimefungua mdomo. Lakini walipiga kura, na kura zikasema afundishwe.

Wote wakamgeukia Onufry Gawron. Sijui kama unamkumbuka, yule mrefu mwenye kovu shingoni, anayefanya kazi kwa mtengeneza ngozi. Yeye ndiye pekee mezani aliyezaliwa mtumwa wa shamba. Ni mtu wa utani. Kofia yake haivui ila kanisani. Meya wa mji akipita, kofia ya Onufry iko palepale, na Wafaransa wanadhani ana kipara cha kutisha. Safari hii hakutania.

"Hapana," alisema. "Nimeinama tangu nilipojua kutembea. Siku waliponipa mundu mrefu nikapigane, niliuacha mgongo ule shambani kwa bwana. Siurudii kuuokota."

Alikuwa ametaja neno lenyewe, "bwana", na kila mtu alilisikia. Hakuna aliyenyoosha kidole. Onufry alitazama huku na huku, akavuta kapu, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi. Sijawahi kuwaheshimu watu kama nilivyowaheshimu watu wa meza ile saa hiyo, yeye na waliokuwa wakimtazama.

Basi kazi ikabaki kwangu na kwa Baba. Tulifunga karakana kila Jumamosi mchana, tukasema tunakausha vitabu. Mimi nilimfundisha Ksawery woga: atazame vifungo vya mtu, asitazame macho, asubiri kidogo kabla ya kujibu, aseme "sijui" kwanza, ndipo aseme anachojua. Alinitania sana. "Mwalimu Salomea," alisema, "ningejua woga una masomo mengi hivi ningeanza mapema." Baba alicheza Bwana Mwenye Nuru, kama watu wa mashambani wanavyowaita mabwana kule kwetu. Kuinama kwenyewe hakuna kati yetu aliyekujua kwa kukufanya. Baba alikujua kwa kuinamiwa tu.

Siku ya kwanza Baba alisema kwa upole, kama anaomba chumvi. Siku ya tatu Ksawery alisahau kuvua kofia, na Baba akapiga kelele, "KOFIA!"

Shangazi, sikuwahi kuisikia sauti ile. Brashi ya gundi ilinitoka mkononi. Ksawery alivua kofia kabla hajafikiri. Baba alisimama pale, kisha akaenda kwenye ndoo akanywa maji, akasukutua, akatema. "Nilidhani sauti hiyo nimeizika," alisema. "Ni ya baba yangu. Ilikuwa inanisubiri tu."

Kesho yake alivaa koti la kanisani akaenda kwa Onufry. Onufry hakuwa mtu wa shamba letu, lakini na sisi tulikuwa na akina Onufry wetu, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Sijui waliongea nini. Baba alirudi akaendelea na masomo, na tangu siku hiyo alikuwa akipiga kelele ile inapohitajika, na kila mara alisukutua. Namheshimu Baba kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Hata hivyo, siku ya safari ilifika, mwishoni mwa Septemba, na mwanao alikuwa bado anainama vibaya. Alikuwa ameshajua woga wa macho na wa mikono. Mgongo ndio uliokataa. Alikuwa anashuka kama mtu aliyedondosha kitufe sakafuni na anakitafuta. Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, mikokoteni imejaa mtaani, na gari la kumpeleka lilikuwa linamsubiri. Mama alikuwa amemfungia mkate na uyoga mkavu. Hakuna aliyekuwa akisema tulichokuwa tukikifikiri sote, kwamba tunampeleka kijana akanyongwe kwa sababu ya kiuno chake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Onufry.

"Fungeni huo mlango," alisema. Kisha akamwambia Baba, "Raia Zaremba, simama pale. Kunja uso. Ndiyo, hivyo hivyo, unajua sana wewe."

Baba akasimama. Onufry akaja kutoka mlangoni, na kofia ilikuwa imeshatoka kichwani kabla mguu wake haujasimama. Hana kipara, Shangazi, ana mvi nzuri. Akashuka. Hakupiga goti. Alishuka kwa mgongo tu, kama maji yanavyoshuka, mkono wake ukagusa sakafu karibu na kiatu cha Baba. Lakini kilichonitisha ni uso. Alipoinua kidogo kichwa, uso wa Onufry tunayemjua, yule wa utani, haukuwemo. Ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Ungeweza kumuuliza chochote, usipate mtu wa kukujibu.

Kisha akasimama, akavaa kofia yake akaibana mpaka masikioni.

"Umeona, kijana? Sirudii. Zima uso kwanza. Ukishazima uso, mgongo unakwenda wenyewe. Na wakikutukana, wanatukana nyumba tupu; wewe hukuwemo."

Ksawery alijaribu, na mara hiyo moja ikatosha. Mama aligeukia jiko akalia. Baba hakuweza kuangalia. Onufry akampa Ksawery mkono, akamwambia, "Nenda. Na ukirudi umezoea, nitakuvunja kiuno mimi mwenyewe."

Ksawery akaondoka juu ya mkokoteni wa muuza vitunguu. Alinipungia mkono, halafu akakumbuka, akaacha, akatazama chini. Nilijivuna, na papo hapo nikaona vibaya kwamba nimejivuna.

Tangu siku ile tulikuwa hatujui kitu. Kila mtu mezani alikuwa akiepuka kumtazama Baba, na Baba alikuwa akiepuka kuzitazama barua zako. Jana tuliadhimisha siku ya kuanza kwa vita vyetu. Tulisali misa, tukarudi, na supu haijapoa, akaingia Mzee Lejzor, mfanyabiashara wa manyoya ya bata kutoka Krakow, ambaye husafiri na kurudi bila kuulizwa. Alikuja na kitabu chake cha sala, eti kijalidiwe upya. Kitabu hakina hata mkunjo.

Alisema amemwona mwendesha mkokoteni wa chumvi. Walikuwa kwenye nyumba moja ya wageni karibu na mpaka askari walipoingia na msimamizi wa shamba, wakamsimamisha kila mtu. Waliosimama wima na kutoa vyeti vizuri walibakizwa kuhojiwa. Mwendesha mkokoteni alikuwa ameshavua kofia kabla hawajamfikia. Akainama. Msimamizi akamuuliza anakwenda wapi. Akasema hajui, Bwana Mwenye Nuru, ng'ombe ndio wanajua. Askari wakacheka. Msimamizi akamsukuma kwa buti akasema, "Toka hapa, bwege wewe, chumvi yako inalowa!" Naye akatoka, akaenda zake, na ujumbe wetu wote kichwani.

"Nami nilimwamini kuwa ni bwege," alisema Mzee Lejzor. "Mpaka aliponikuta zizini akaninong'oneza Kipolandi cha vitabu. Nusura nianguke."

Alikuwa na neno la Ksawery kwa Onufry: kwamba uso ulizimika, na umewaka tena. Onufry alimwomba alirudie neno hilo. Kisha akavua kofia, mbele yetu, si kanisani, akaiweka juu ya meza karibu na mkate. Akasema, "Basi mgongo wangu umetangulia kufika nyumbani." Akala supu yake yote kichwa wazi.

Raia Teofil akasema Jumapili ijayo nitaapa, umri au si umri. Akaniuliza mbele ya wote kama nina la kusema. Nikasimama, nikasema, "Hapana, bwana." Basi samahani kama karatasi hii inanuka viazi.

Hatari haijaisha, sitaki kukudanganya. Yuko huko bado, na kazi aliyotumwa ni kubwa. Raia Teofil amekubali nikuandikie haya kwa kuwa mama haachwi gizani. Mwombee, nasi tunamwombea kila siku baada ya misa.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Baba ataandika mwenyewe akipata nguvu. Alianza mara tatu. Nisalimie Tekla, mwambie namngoja aje anifundishe kukamua, na mimi nitamfundisha kushona kurasa. Nisalimie Bibi Apolonia na mbwa wake kipofu. Mungu akulinde, awalinde na wote wa kilimani kwenu, na mvua isipite paa lenu majira haya ya baridi.

Neno la Ksawery kwako nimeliacha mpaka hapa ili lisipotee katikati ya maneno yangu. Mzee Lejzor alilisema taratibu, akiwa ameshika kofia yake, na nimeliandika kama alivyolisema: "Mwambieni mama yangu asihuzunike. Goti bado ni la Mungu. Wale niliwapa mgongo tu, tena wa kuazima."

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kusema kwa mdomo,
Salomea Zaremba